Umeumia kazini Kenya: uende mwenyewe, na chama, na msaada wa bure au na wakili?

Mfanyakazi akiumia kazini Kenya, wiki ya kwanza haiishi kabla hajapewa shauri la aina mbili. Meneja humwambia atulie, kampuni itashughulikia. Mtu mwingine, pengine waliyekutana kwenye benchi la hospitali, humwambia atafute wakili upesi kabla mambo hayajaharibika. Akimsikiliza meneja anaweza kupitwa na muda wa kisheria. Akimsikiliza yule wa hospitali anaweza kugawana fidia yake na watu ambao hawakufanya kazi yoyote.

Madai mengi hayahitaji wakili siku ya kwanza. Yanahitaji fomu iliyojazwa vizuri, daktari aliyeandika asilimia ya ulemavu, na tarehe ambazo hazijapita. Wakili ana kazi halisi katika hatua chache zinazojulikana, na ukimkosa hapo hasara ni kubwa. Kwa hiyo jiulize umefika hatua gani, kisha uchague wa kukusaidia.

(Msomaji wa Tanzania afahamu kwamba kwao hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na utaratibu ni mwingine. Yanayofuata ni ya Kenya, ambako anayedaiwa ni mwajiri mwenyewe au kampuni yake ya bima.)

Unadai nini hasa

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu anaiita WIBA, inasimamiwa na Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini. Idara yake hujulikana kama DOSHS. Makao yake makuu ni Safety House, Commercial Street, Industrial Area jijini Nairobi, na ina ofisi katika kaunti. Usiichanganye na ofisi ya leba ya kaunti. Ofisi ya leba hushughulikia mishahara, likizo na kufutwa kazi, ilhali jeraha ni la DOSHS. Watu wengi hupoteza wiki nzima wakizungushwa kwa sababu ya kugonga mlango usio wao.

Chini ya WIBA hulazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Unaonyesha mambo matatu: aliyekuajiri ni nani, uliumia ukiwa katika shughuli za kazi, na jeraha limekuachia nini. Hata kama wewe mwenyewe uliteleza kidogo katika uangalifu, dai halifi. Kinachoweza kulizima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumnyimi fidia aliyebaki na ulemavu mkubwa wala familia ya aliyefariki.

Malipo yako ya aina kadhaa. Jeraha likikuzuia kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Hapa waajiri wengi huchanganya hesabu, kwa makusudi au kwa kutojua: wanakupa siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu, kisha wanakuambia haki yako imekwisha. Hizo ni siku za ugonjwa za Sheria ya Ajira. Jeraha la kazini lina hesabu yake. Mwajiri pia hubeba gharama halali za matibabu: hospitali, dawa, upasuaji, hata kiungo bandia pale kinapohitajika.

Fidia ya ulemavu wa kudumu ndiyo yenye pesa nyingi na mabishano mengi. Hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, kisha kuzidishwa kwa asilimia ya ulemavu, ndani ya viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na waziri. Chukua mfanyakazi wa kiwanda anayepata shilingi 18,000 kwa mwezi, na daktari amempa asilimia 15. Hesabu ni 18,000 mara 96 mara 15 kwa 100, yaani 259,200. Daktari mwingine akisema ulemavu ni asilimia 25, inakuwa 432,000. Mkono ni ule ule, jeraha ni lile lile, lakini tofauti ni shilingi 172,800.

Sasa rudi kwenye mshahara. Ikiwa mtu huyo alikuwa akilipwa ovataimu ya kawaida ya shilingi 4,000 kila mwezi, mapato yake ni 22,000, na kwa asilimia 15 ile ile anastahili 316,800. Ovataimu ya kila mara na thamani ya chakula au nyumba unayopewa na mwajiri huingia katika mapato, ila ile ya siku moja moja haiingii. Mwajiri akijaza mshahara wa msingi peke yake, umepoteza 57,600 bila kelele yoyote. Hizi namba mbili, mapato na asilimia, ndizo kipimo cha msaada wowote utakaopewa. Asiyekuuliza habari zake hajaanza kazi.

Mlango wa mahakama ulifungwa mwaka 2019

Kabla ya kulinganisha njia, ondoa wazo moja linaloendelea kuuzwa mitaani: kwamba utamshtaki mwajiri mbele ya hakimu na kulipwa kwa maumivu na mateso. Kifungu cha 16 cha WIBA kinakataza kesi ya aina hiyo dhidi ya mwajiri wako. Kifungu hicho kilipingwa mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume na katiba, Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo Novemba 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi tarehe 3 Desemba 2019 katika shauri la Chama cha Wanasheria cha Kenya dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Dai la kwanza linaenda kwa Mkurugenzi, na mahakama hungoja hadi hatua ya rufaa. Mwaka 2023 Jaji Mkuu alitoa maelekezo ya kulinda kesi zilizokuwa zimefunguliwa kabla ya uamuzi huo wa 2019, lakini maelekezo hayo hayamsaidii aliyeumia jana.

Ukimpata wakili anayesema atafungua kesi ya jeraha moja kwa moja kwa hakimu dhidi ya mwajiri wako, toka. Kesi itatupwa kwa kukosa mamlaka, na wakati huo miezi 12 ya kuwasilisha dai DOSHS inakatika.

Njia nne kwa kifupi

| | Mwenyewe | Chama | Msaada wa bure | Wakili |
|---|---|---|---|---|
| Gharama | Nauli, nakala, ada ya daktari | Ada ya uanachama ya kila mwezi | Hakuna, au kidogo sana | Ada ya makubaliano, pamoja na gharama za mahakama |
| Inafaa zaidi | Jeraha lililo wazi, mwajiri asiyekana | Kiwanda, shamba au bandari yenye mkataba wa pamoja | Kipato kidogo, mwajiri mkaidi | Pingamizi, rufaa, kukaza malipo, mtu wa tatu |
| Udhaifu | Tarehe na asilimia | Hutegemea bidii ya afisa | Foleni, uhaba wa mawakili | Gharama. Baadhi hawajui WIBA |
| Kusimama mahakamani | Unaruhusiwa | Afisa wa chama anaruhusiwa | Wakati mwingine | Ndiyo |

Kwenda mwenyewe

Njia hii inawafaa watu wengi kuliko wanavyodhani, mradi mwajiri anakubali kwamba wewe ni mfanyakazi wake na kwamba ajali ilitokea.

Anza kwa kutoa taarifa kwa mwajiri. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini wewe andika. Barua ya mistari mitano inatosha: jina na namba ya kitambulisho, tarehe na saa, mahali, mashine au kitu kilichokuumiza, mashahidi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au itiwe sahihi ubaki nayo. Wakikataa kutia sahihi, itume kwa WhatsApp kwa msimamizi na uhifadhi picha ya ujumbe. Mali bila daftari huisha bila habari, na dai la fidia ni hivyo hivyo.

Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi. Anatumia fomu ya DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri: maelezo ya ajali, mapato yako, siku ulizokosa kazi. Sehemu ya pili ni ya daktari aliyekutibu. Hii ndiyo karatasi inayobeba dai lako zima, na huharibika kwa namna tatu.

Ya kwanza ni mwajiri kutojaza kabisa. Mfanyakazi husubiri ofisi ya wafanyakazi miezi minane, akiambiwa fomu iko Nairobi. Usisubiri. Mkurugenzi anaweza kuanza uchunguzi akishajua kwa njia yoyote kwamba mtu ameumia. Nenda ofisi ya DOSHS ya kaunti yako na barua yako, karatasi za hospitali na ushahidi wa ajira, uombe ajali iandikishwe na mwajiri aandikiwe. Kwa kibarua asiye na mkataba, ushahidi wa ajira ni taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kila wiki, kadi ya getini, michango ya NSSF, picha akiwa na sare, au maneno ya wenzake wawili.

Ya pili ni mapato yaliyopunguzwa. Soma sehemu ya kwanza kabla haijaondoka ofisini na uilinganishe na hati zako za mshahara za miezi kadhaa kabla ya ajali. Ovataimu ya kila mwezi ikiwa haimo, sema wakati huo huo, kwa maandishi.

Ya tatu, na ndiyo inayokula pesa nyingi, ni sehemu ya daktari. Wako wanaojazia fomu jeraha likiwa bado bichi. Kidole kimeshonwa, hakijajulikana kama kitakunjika, na tayari ameandika asilimia 3. Wengine huandika historia ndefu ya matibabu na kuacha nafasi ya asilimia tupu, faili likarudishwa. Asilimia ya kudumu hupimwa jeraha likishatulia, yaani daktari anapoona matibabu hayataongeza nafuu kubwa tena. Kabla ya hapo anaweza kuandika siku za kutokufanya kazi, na ulemavu wa kudumu ukapimwa baadaye. Nenda na eksirei zote, karatasi ya kuruhusiwa hospitali na maelezo ya tiba ya viungo. Mwambie daktari kazi yako ni ipi na ni kitu gani huwezi kukifanya tena: kushika nyundo, kupanda ngazi, kubeba gunia. Daktari anaweza kutoza ada kwa kujaza, omba risiti.

Jedwali la kwanza la WIBA limeorodhesha majeraha na asilimia zake, kuanzia vidole hadi upofu kamili. Lisome kabla ya kumwona daktari, ili ujue kama alichoandika kiko karibu na sheria.

Fomu zikikamilika, Mkurugenzi hutathmini na kumwandikia mwajiri au bima kudai malipo kwa fomu ya DOSH/WIBA 4. Kuanzia hapo mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa, na Mkurugenzi akishapokea pesa ana siku 30 za kukufikishia. Fuatilia kwa namba ya faili kila baada ya wiki kadhaa, na ukienda mwenyewe ofisini andika jina la afisa aliyekuhudumia.

Tarehe ya kukariri ni miezi 12. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo kwa familia. Sheria ina mwanya kwa ajali ambayo tayari iliripotiwa, lakini huo ni mwanya wa kujitetea nao ukishachelewa, usiupangie ratiba.

Njia hii inakwisha nguvu pale mwajiri anapokana ajira, tathmini inapokuja chini mno, au siku 90 zinapopita bila senti.

Chama cha wafanyakazi

Ukiwa mwanachama, pita kwa chama kabla ya kumlipa mtu yeyote. Ada unakatwa kila mwezi, na hii ni sehemu ya kazi yao. Mwakilishi wa wafanyakazi katika idara yako ana kitu ambacho wakili wa mjini hana: anaweza kuingia ofisi ya meneja leo mchana na kuuliza WIBA 1 iko wapi. Anawajua mashahidi kwa majina, na anajua kamera ya getini hufutwa baada ya muda gani.

Faida ya pili ni mkataba wa pamoja. Baadhi ya mikataba kati ya vyama na waajiri ina vipengele vya matibabu, kazi nyepesi baada ya jeraha au bima iliyo juu ya kiwango cha sheria. WIBA ni kiwango cha chini. Mfanyakazi anayekwenda peke yake DOSHS anaweza kulipwa alichopewa na sheria na kuacha mezani alichopewa na mkataba.

Na afisa wa chama anaweza kukuwakilisha katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi bila kuwa wakili. Kwa mtu wa mashamba ya Kericho au bandari ya Mombasa, hilo lina thamani kubwa, kwani mahakama hiyo inakaa katika miji yote miwili.

Udhaifu uko wazi. Ofisi ya tawi ina mafaili mengi na maafisa wachache. Wapo maafisa waliozoeana na menejimenti kiasi kwamba hawataki kuandika barua kali. Vibarua wanaoletwa na mawakala mara nyingi si wanachama, ingawa ndio wanaoumia. Na chama kwa kawaida ni hodari katika mishahara na kuachishwa kazi kuliko katika karatasi za madaktari. Kwa hiyo omba msaada kwa barua, taja tarehe ya mwisho ya dai lako, na ukae wiki mbili. Usipopata jibu, endelea DOSHS mwenyewe. Kwenda mwenyewe hakukunyimi haki ya kurudi kwa chama baadaye.

Msaada wa kisheria wa bure

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa, NLAS, kwa wasio na uwezo wa kulipa. Nje ya serikali kuna Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, ambacho kwa miongo kadhaa kimeshughulika na masuala ya ardhi, nyumba na kazi kwa watu maskini. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, husaidia wanawake. Chama cha Wanasheria nacho huwa na wiki ya uhamasishaji wa sheria kila mwaka, mawakili wakitoa ushauri bila malipo kwenye viwanja vya mahakama.

Usiende ukitarajia wakili wako binafsi atakayekaa na faili miaka miwili. Kinachopatikana kwa kawaida ni ushauri, barua ya kudai kwa mwajiri, kusaidiwa kujaza fomu, na kufundishwa kujitetea mwenyewe. Kwa dai la WIBA hicho ni kikubwa, maana kazi nyingi ni ya karatasi. Barua yenye nembo ya shirika la sheria humfanya mwajiri aliyekuwa anakwepa simu zako atafute fomu mara moja.

Watakuuliza kipato chako na ushahidi wake, kwa hiyo beba hati za mshahara au maelezo ya malipo, kitambulisho na faili lote la ajali. Ukienda mikono mitupu utaambiwa urudi, na foleni ni ndefu.

Njia hii inafaa zaidi kwa familia za waliofariki. Dai la kifo lina kazi ya ziada ya kuthibitisha wategemezi: cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa ya kimila, mara nyingi na barua ya chifu. Pakiwa na wake wawili, au wazazi wa marehemu wasiomkubali mjane, mtu asiye na maslahi katika familia ndiye anayefaa kupanga karatasi hizo.

Wakili

Sasa zile hatua ambazo wakili anastahili pesa yake.

Ya kwanza ni pingamizi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo, ambaye anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Usipokubaliana na jibu, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Pingamizi lisilo na ripoti ya pili ya daktari ni malalamiko tu. Wakili anayejua kazi hii atakutuma kwa daktari bingwa wa mifupa, macho au masikio kabla ya kuandika neno lolote. Kumbuka mwajiri naye ana haki hiyo hiyo ya kupinga. Ukipokea karatasi za rufaa ya mwajiri, hapo usiende peke yako.

Ya pili ni kukaza malipo. Siku 90 zimepita, mwajiri kimya, bima inasema haikujulishwa mapema. Ubishi wa bima na mteja wake hauondoi deni la mwajiri kwako. Lakini namna ya kuugeuza uamuzi wa Mkurugenzi kuwa amri inayoweza kumpeleka dalali wa mahakama kwenye kampuni ni suala ambalo majaji wametofautiana kwa miaka: wengine wameukubali kwa maombi mafupi, wengine wamesema hawana mamlaka kwa njia hiyo. Muulize wakili waziwazi: utatumia utaratibu gani chini ya kanuni za mahakama hiyo za 2024, na umewahi kuutumia? Asiyeweza kujibu bila kubabaika atajifunzia kwenye faili lako.

Ya tatu ni ajira inayokanwa. Kampuni inasema wewe ni wa wakala, wakala anasema ulikuwa kontrakta huru. Hili ni swali la kisheria, na ushahidi wake unatakiwa kukusanywa mapema.

Ya nne husahauliwa na wengi: mtu wa tatu. Kifungu cha 16 kinamlinda mwajiri wako, hakimlindi dereva wa kampuni nyingine aliyekugonga ukiwa kwenye gari la kazi, wala kontrakta mwingine aliyeangusha chuma kwenye eneo la ujenzi. Huyo unaweza kumshtaki kwa uzembe katika mahakama ya kawaida, ndani ya miaka mitatu, huku dai lako la WIBA likiendelea. Uhusiano wa malipo hayo mawili hutazamwa na mahakama. Kwa ajali ya barabarani chukua mapema abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya kuthibitisha ajali iliripotiwa, yenye namba ya bima ya gari lile. Hapa wakili ni wa lazima tangu mwanzo, kwa sababu uzembe unahitaji kuthibitishwa.

Magonjwa ya kazi, kama upotevu wa kusikia kutokana na kelele za mitambo au mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, yako katikati. Mwajiri atasema uliyatoa kwingine. Tafuta daktari wa fani hiyo kwanza, wakili baadaye.

Kuhusu ada, fahamu jambo moja litakalokuokoa: Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 46, inabatilisha makubaliano ya kumlipa wakili pale tu mtakaposhinda, au kwa viwango vinavyobadilika kulingana na kushinda. Ile ahadi ya “usilipe kitu, tutakata asilimia 30 mwishoni” haina nguvu ya kisheria, na mara nyingi hukatwa kwa fidia ambayo ingelipwa hata bila yeye. Makubaliano halali ni ya maandishi na ya kiasi kinachojulikana, na mnaweza kukubaliana ulipe kwa awamu. Yaandikwe kwa hatua: kiasi hiki kwa pingamizi, kiasi hiki kwa rufaa. Usitie sahihi ada moja ya jumla kwa “kesi ya WIBA” wakati DOSHS haijatoa hata tathmini.

Kagua pia leseni yake. Cheti cha uwakili huhuishwa kila mwaka, na tovuti ya Chama cha Wanasheria ina sehemu ya kutafuta jina. Na uliza pesa zitapitia wapi. Kwa utaratibu wa WIBA zinatoka kwa mwajiri au bima kwenda kwa Mkurugenzi, kisha kwako. Zikipita kwenye akaunti ya wakili kwa sababu ya kesi mahakamani, unayo haki ya maelezo ya maandishi ya kila shilingi. Ukidhulumiwa, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Yule anayekufuata wodini na karatasi za kutia sahihi si wakili, ni dalali. Sheria ya Mawakili inakataza utafutaji wa wateja wa namna hiyo. Usimpe nakala ya kitambulisho wala karatasi halisi za hospitali. Watu hutafutana na faili zao miaka baada ya hapo.

Uchague vipi

Jeraha lililo wazi, mwajiri anakubali, fomu zinajazwa: nenda mwenyewe, au na chama kama kipo. Lipa daktari mzuri badala ya wakili.

Mwajiri anakwepa lakini hakani: chama au msaada wa bure kwa ajili ya barua, huku wewe ukiandikisha ajali DOSHS.

Tathmini imekuja na unaona iko chini: hesabu tofauti kwanza, kama tulivyofanya hapo juu. Ikiwa ni shilingi 30,000 na wakili anataka 40,000, andika pingamizi mwenyewe ukiwa na ripoti ya daktari wa pili. Ikiwa ni 170,000, wakili wa pingamizi pekee anaweza kulipa gharama yake. Anza kutafuta ndani ya wiki mbili za kwanza, maana kupata miadi ya daktari bingwa peke yake kunaweza kula mwezi katika zile siku 60.

Mwajiri au bima akikuletea vocha ya kusema umelipwa yote na huna dai tena, usiitie sahihi siku hiyo. Ipeleke kwa afisa wa DOSHS au dawati la msaada wa kisheria, ulinganishe kiasi na tathmini. Vocha nyingi za namna hii huletwa kabla ulemavu haujapimwa.

Ukifutwa kazi baada ya kudai, hilo ni shauri jingine na lifunguliwe faili lake. Sheria ya Ajira haikubali mtu kuachishwa kwa sababu ya kuanzisha malalamiko au hatua za kisheria dhidi ya mwajiri. Hapa ndipo ofisi ya leba inapohusika: malalamiko yapelekwe kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu kuachishwa, na kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina miaka mitatu. Dai la jeraha linaendelea DOSHS kama kawaida. Weka nakala ya WIBA 1 na barua yako ya kwanza kwenye faili zote mbili, kwa sababu tarehe zake ndizo zitakazoonyesha kwamba uliachishwa baada ya kuripoti ajali.